Bega la Marumaru Lililosagiwa Liwa

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake: mmoja baada ya swala, mwingine kwenye foleni ya samaki, mwingine kwa simu huku nikimsikia anatafuna. Nimechoka kuieleza safari hii vipande vipande, na nimegundua kuwa nikiieleza kwa mdomo najipendelea. Kwa hiyo naiandika mara moja, kwa mpangilio wake, halafu tupumzike. Mambo ya tikiti na vibali nayaruka. Mnayajua.

Northfield hadi Lozells

Safari ilianza kwa mama mkwe wangu, Bi Shamsa, ambaye baadhi yenu mmewahi kula kwake. Juu ya kabati lake pale Lozells, Birmingham, kuna kipande cha marumaru, ukubwa wake kama mkate wa boflo, kimefunikwa leso. Upande mmoja umechongwa mikunjo ya nguo inayoshuka, kama shuka iliyotupiwa begani. Upande wa pili ni bapa, laini, umebonyea katikati kama kisahani. Upande huo ndio uliosagiwa liwa tangu Barawa, pwani ya Somalia, kwanza na mama yake, Bi Halima, kisha yeye mwenyewe, kisha mke wangu Zuhura. Unatia marashi ya mawaridi, unazungusha kigogo cha msandali juu ya jiwe, uji mzito unatoka, bibi harusi anapakwa uso na mikono. Jiwe lilitoka Barawa likapita Mombasa ndani ya gunia la mchele, likaja hadi Birmingham. Vitu vingine vyote vya nyumba ile vilibaki njiani.

Bi Halima alikuwa akifua nguo kwa familia moja ya Kitaliano. Walipofunga nyumba kurudi kwao, Sinyora alimpa jiwe hilo, ambalo lilikuwa likizuia mlango usibamizwe na upepo. Hivyo ndivyo alivyomwambia bintiye. Wako watu wa Barawa wanaosema hakupewa.

Maneno hayo yalikuwa yamelala. Yaliamshwa na posa ya binti yangu Salma. Bibi wa mchumba wake, Bi Rukia, alikuja Lozells kupanga siku ya kumsinga bibi harusi. Mimi nilikuwa jikoni, mlango uko wazi.

"Shamsa, hili ndilo lile?"

"Ndilo."

"Basi jiwe tutakuja nalo sisi. Mke wa mjukuu wangu hapakwi liwa ya jiwe la kuiba."

"Aliiba nani?"

"Mimi sikutaja mtu. Mtaa mzima ulisema. Mimi nilikuwa mtoto, nilisikiliza tu."

Bi Shamsa alimsogezea sahani ya kaimati. Bi Rukia akasema daktari amemkataza sukari, na kabla ya hapo alikuwa amekula nne.

Mnajua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma habari za mawe ya Kirumi, bila mwalimu, kwa vitabu vya maktaba. Mikunjo ya jiwe lile ina mifereji mirefu iliyochimbwa kwa keekee, na nilikwisha kuamini kuwa ni kazi ya Kirumi. Bi Shamsa alilikumbuka jina la ile familia, kwa sababu mama yake alilitaja maisha yake yote. Kwa jina hilo nikapata, ndani ya kitabu cha zamani, picha ya sanamu ya mwanamke aliyejitanda nguo, iliyochimbwa katika shamba la familia hiyo huko Italia. Bega lake la kushoto halipo. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kama jiwe ni la sanamu ile, basi lilikuwa mali ya Sinyora kweli, naye alikuwa na haki ya kumpa amtakaye. Huenda pia kule kuna mtu anayejua habari za kutoa kwake. Mtunzaji wa makumbusho ya mji ule alinijibu nije na nakala ya plasta, jiwe lenyewe lisitoke nchini. Nikalipeleka kwenye banda letu la Northfield, nikalitengenezea kalibu, nikamimina plasta, nikaipata nakala safi, kila mkwaruzo unaonekana.

Siku ya kuaga, Salma aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba siku hizi liwa inauzwa ya unga, kwa pakiti. Bi Shamsa alinigeukia mimi.

"Baba Salma, usiende kuwauliza jiwe lina miaka mingapi. Waulize kama mama alipewa."

"Mama, sanamu haiwezi kulijibu hilo."

"Ndiyo nikakutuma wewe unayesoma."

Birmingham hadi bandarini

Nilipanda basi la masafa, kwa sababu plasta haipendi kutupwatupwa na watu wa uwanja wa ndege. Nilikaa na sanduku la nakala mapajani. Kiti cha pembeni alikaa mama mmoja wa Lubumbashi, mkazi wa Bordesley Green, aliyekuwa akienda kwa dada yake Torino. Aliitwa Mama Beatrisi. Hatukuwa bado tumetoka mjini alipoanza.

"Papa, iko nini mu ile sakoshi? Unaishika sawa mutoto."

Nikamweleza kwamba ni nakala ya kipande cha sanamu, na kwamba jiwe lenyewe limebaki nyumbani.

"Kwa hiyo unaenda Italia na jiwe ya bongo," akasema. Bongo kwao ni uongo. "Banaume benzako banaenda Italia juu ya kazi. Weye unaenda juu ya jiwe, na jiwe yenyewe hauna."

Watu wa viti vya nyuma walicheka, hata wasiojua Kiswahili, kwa jinsi alivyolisema. Mimi sikucheka. Baadaye njiani niliona alikuwa ameieleza safari yangu vizuri kuliko mimi.

Bandarini walitushusha sote na mizigo yetu. Donge jeupe ndani ya sanduku liliwapendeza sana maafisa. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, aliliweka mezani.

"Hiki ni nini?"

"Nakala ya kipande cha sanamu ya Kirumi."

"Ni chako?"

"Ni cha mama mkwe wangu."

Akamtazama mwenzake. Wakaleta mbwa. Mbwa alinusa, akapiga chafya, akaondoka. Kijana akaomba radhi, kisha akachukua bisibisi nyembamba na kutoboa upande bapa, katikati ya kibonyeo, mpaka alipotosheka kwamba ndani ni plasta kama nje. Alinirudishia pamoja na vumbi lake ndani ya karatasi iliyokunjwa, kana kwamba ningetaka kulirudishia. Ferri yetu ilikuwa imekwisha kuondoka. Basi zima lilinisubiri, na basi zima lilijua ni kwa ajili ya nani.

"Bamekuonea," akasema Mama Beatrisi. "Lakini na weye, Papa. Ungesema ni keki."

Ufaransa

Kwa sababu ya ferri ile tulikosa basi la kuunganisha, tukakaa kutwa nzima kwenye kituo cha pembezoni mwa Paris, mahali pasipo kiti cha kutosha wala mti. Chakula kilichouzwa pale kilikuwa mkate wenye nyama nisiyoweza kuila, na mkate wenye nyama nisiyoweza kuijua. Mama Beatrisi alifungua ndoo yake: sombe, samaki wa chumvi, na bukari baridi iliyofungwa kwenye nailoni. Bukari ni ugali. Sombe ni kisamvu chetu, isipokuwa wao hukitwanga mpaka kinasahau kuwa kilikuwa jani.

Alinilisha bila kuniuliza, kisha akauliza, maana njiani nilikuwa nimemweleza maneno ya Bi Rukia.

"Ile jiwe, mama wa mama ya bibi yako aliiba?" Bibi kwao ni mke.

"Hakuiba. Alipewa."

"Unajua aje?"

"Alisema mwenyewe."

Alilamba vidole, akafikiri. "Kwetu, muntu akikwambia umeiba, haumuletee karatasi ya Bazungu. Unaenda kwake na wadada yako wote, munakaa kwa mulango mupaka akuombe pardon. Karatasi itamufanya nini?"

Nilimwambia kwamba mimi natafuta ukweli, si radhi. Akaanza kufunga ndoo yake. Tuliachana Torino. Dada yake alikuja kumpokea, akaambiwa habari zangu mbele yangu, akacheka kwa sauti ileile.

Garimoshi lililosimama shambani

Kutoka Torino nilishuka kusini kwa garimoshi. Mahali fulani katikati ya mashamba ya alizeti lilisimama na halikueleza sababu. Mtaliano mmoja mzee aliyeketi mbele yangu, mwenye kofia ya majani, aliuliza kwa heshima ninatoka wapi. Nikasema Birmingham. Akasema hapana, kabla ya hapo. Nikasema Mombasa. Kabla ya hapo? Nikasema wazee wangu ni wa Barawa. Uso wake ukafunguka. Baba yake alikuwa huko. Akanitajia ndizi, barabara, na kituo cha garimoshi ambacho, kwa maelezo yake, baba yake alikijenga peke yake.

"Tuliwapa kila kitu," akasema, bila ubaya wowote, akinisogezea pichi.

Nililishika lile pichi. Nilikuwa na Kiitaliano cha vitabu, cha kuulizia njia na kusomea maelezo ya sanamu. Nilikula pichi lake. Lilikuwa tamu, na hilo nalo liliniudhi.

Mji wa vilimani

Mji wenyewe ni mdogo, wa mawe, umekaa juu ya kilima kama kofia. Makumbusho yalikuwa yamefungwa kwa sherehe ya mtakatifu wao, jambo ambalo hakuna aliyenitajia. Nikapanga chumba kwa mjane mmoja, Sinyora Pina, nikamwomba mapema asinipikie nguruwe. Akauliza kwa nini. Neno nililojaliwa kulipata lilikuwa lile la "siruhusiwi", naye akaelewa kwamba nimekatazwa na daktari. Tangu hapo nikawa mgonjwa wa mji. Nililishwa wali mweupe uliochemshwa bila chumvi. Jirani alileta ndimu. Mwuza magazeti aliniuliza habari za tumbo langu, nami nikamwambia linaendelea vizuri, kwa kuwa kuusahihisha mji mzima kulihitaji lugha kubwa kuliko yangu. Kila usiku nilimsikia Sinyora Pina akikaanga vitunguu na nyanya kwa ajili yake mwenyewe, ambavyo ningevila bila shida yoyote.

Siku hiyo ya sherehe nilitembea hadi shamba la ile familia. Ukoo umekwisha, hakuna hata mpwa. Nyumba yao sasa hukodishwa kwa harusi. Bibi harusi mmoja alikuwa akipigwa picha mahali ambapo, kwa mujibu wa kitabu changu, sanamu ilisimama. Niliposogea getini nikiwa na sanduku langu, mlinzi alinitazama, akanionyesha kwa kidole njia ya kuzunguka nyuma. Jikoni.

Nilizunguka hadi mlango wa jikoni, nikautazama, nikarudi mjini. Sijui nilitegemea kuona nini. Bi Halima hakuwahi kufika nyumba hiyo. Aliujua mlango wa nyuma wa ile ya Barawa.

Mbele ya sanamu

Mtunzaji aliyeniandikia anaitwa Dokta Silvia. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa, anayesema polepole ili umwelewe, na sina lawama juu yake. Alikuwa amekwisha kutayarisha ngazi na taa. Alinipa mkono, akaniuliza habari za tumbo.

Sanamu ni ya mwanamke mtu mzima, amejitanda kama wanavyojitanda wanawake wetu, mkono mmoja umeshika pindo karibu na kidevu. Pua haipo. Bega la kushoto ni pengo. Dokta Silvia aliipokea nakala kwa mikono miwili, akapanda, akaisogeza taratibu kwenye pengo.

Mikunjo ikaungana. Niliona kwa macho yangu mkunjo unaoanzia shingoni mwa yule mwanamke ukiingia ndani ya plasta ya Northfield na kuendelea bila kukatika. Mifereji ya keekee ilikuwa ya upana mmoja. Nilipaswa kufurahi, na kwa muda mfupi nilifurahi kuliko nilivyowahi.

Kisha akasema, "Hapa hapagusani."

Nyuma ya nakala, kati yake na mwili wa sanamu, paliingia kidole. Jiwe linapovunjika, kila upande hubaki na milima na mabonde yake, na pande mbili zikikutana hushikana. Huo ndio ushahidi usiopingika. Upande wa sanamu ulikuwa na milima yake yote. Wa kwetu ulikuwa bapa.

Akashuka, akaigeuza nakala, akapitisha kidole gumba kwenye kibonyeo.

"Na hili tundu?"

"La maafisa wa bandarini."

"Na kusuguliwa huku?"

Nikamweleza. Nilimwambia habari za liwa, marashi, wanawake watatu, harusi na Idi na siku za Alhamisi. Niliweka kiganja changu mezani, nikamwonyesha mkono unavyozunguka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua kwa nini watu husugua mahali palipovunjika?" akauliza. "Ili kipande kisitambulike kilikotoka. Nimeviona vingi. Ndivyo wafanyavyo wanaoiba."

"Hawa walikuwa wakisaga msandali."

"Nakuamini."

"Basi andika."

"Naweza kuandika ninachokiona. Siwezi kuandika kwamba nimekuamini."

Aliandika mbele yangu, akanisomea polepole: kipande kinalingana kwa mtindo, kwa vipimo na kwa mikunjo, huenda sana ni bega la sanamu hii, uhakika hautapatikana kwa sababu uso uliovunjika umesawazishwa kwa makusudi. Nikamwuliza kama kuna lolote juu ya jiwe kutolewa zawadi kule Barawa. Akasema familia hiyo ilichukua mapambo mengi kwenda nayo ng'ambo na haikuacha maneno juu ya watumishi. Nikamwomba aliondoe neno "makusudi". Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kalamu mkononi.

"Lakini ilikuwa bahati mbaya?" akauliza. "Walisugua bila kujua wanasugua?"

Nikasema hapana. Walijua wanasugua.

Akaliacha.

Nakala nilimwachia, aliiomba, na mimi sikutaka kuirudisha nayo mbele ya wale maafisa. Jioni Sinyora Pina alinikaribisha wali. Nilikula wote.

Kurudi Lozells

Njia ya kurudi haikuwa na jambo. Garimoshi lilifika kwa wakati, ferri ilikuwepo, na hakuna aliyefungua sanduku langu, kwa kuwa lilikuwa tupu.

Nilikwenda kwa Bi Shamsa kabla ya kufika kwangu. Alikuwa amekaa dirishani, jiwe liko mezani mbele yake, kigogo cha msandali pembeni. Alikuwa akinisubiri ili aanze kusaga, maana siku ya kumsinga Salma ilikuwa imekaribia. Nilimweleza yote kwa mpangilio wake, kama nilivyowaeleza ninyi. Alipenda kusikia kwamba yule mwanamke amejitanda.

"Ana uso?"

"Anao, ila pua hana."

"Sisi tulikuwa na bega tu. Bega halina dhambi." Kisha akauliza, "Wamesema alipewa?"

"Hawajui, Mama."

"Wamesema aliiba?"

Nilitafuta njia ya kulisema na sikuipata, nikalisema lilivyo. Kwamba imeandikwa upande wa nyuma umesuguliwa kwa makusudi. Kwamba wezi ndivyo wafanyavyo. Kwamba nilieleza habari za liwa, nikaaminiwa, na haikuandikwa.

Basi lilipita nje, vikombe vikalia kabatini.

"Lakini ni makusudi," akasema. "Mama alikusudia. Alisaga liwa ya harusi yangu tangu alfajiri, mkono ukavimba. Mimi nikasaga ya Zuhura." Akapitisha kidole kwenye kibonyeo, kama Dokta Silvia. "Kumbe kila bibi harusi tuliyempaka, tulikuwa tunafuta."

Nikamwambia si hivyo. Nikaanza kumweleza kwamba bila mikunjo ile hakuna ambaye angejua lolote, na kwamba neno "huenda sana" katika taaluma ile ni neno zito. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Kula kwanza, Baba Salma," akasema. "Umekonda."

Siku ya kusinga, Bi Rukia alifika na jiwe lake kama alivyoahidi, jiwe jipya, limenunuliwa. Hakuna aliyelifungua, wala la Bi Shamsa halikusagiwa. Salma alikuwa ameleta unga wa liwa kwa pakiti, akaukoroga kwa maji ya chupa kwenye bakuli la plastiki, na kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Nilisimuliwa na Zuhura, maana wanaume hatuingii. Bi Rukia aliuliza mkwe amerudi na habari gani kutoka Italia. Bi Shamsa akasema, "Amesema ni jiwe zuri." Bi Rukia akasema mashaallah. Safari hii kaimati alizila zote.

Jiwe limerudi juu ya kabati, bila leso. Zamani lililala mikunjo chini, upande wa liwa juu, tayari kwa kazi. Sasa amelipindua. Mikunjo iko juu, imepanguswa, na wageni wakiingia hulisifu. Juzi nililishika kutaka kulirudisha kama lilivyokuwa.

"Liache," akasema Bi Shamsa bila kugeuka. "Hivyo ndivyo wanavyolijua wenyewe wa kule."